Makongeni ya Msambweni: Wageni Waliopewa Jembe

Mtu avukaye kivuko cha Likoni kutoka kisiwa cha Mombasa, akafuata njia kuu ielekeayo mpaka wa Tanzania, hupita Tiwi na Ukunda, kisha Gazi, na baada ya mwendo wa yapata maili 30 hufikia Msambweni. Upande wake wa kushoto ni minazi na bahari. Upande wa kulia nchi yapanda polepole kuelekea vilima vya Shimba. Katikati vimo vijiji vingi vya wakulima wa mihogo, mahindi, nazi, korosho na maembe. Kimoja katika vijiji hivyo ni Makongeni. Si mji, hakina meya wala baraza la mji, na mambo yake, kama ya vijiji vingine vya Kwale, huangaliwa na chifu, naibu wake na wazee wa mtaa.

Hata hivyo mwaka 2016 habari za Makongeni zilisikiwa Kenya nzima. Sababu yake haikuwa mavuno wala mashindano ya mpira. Ilikuwa ni kwamba wengi wa wakazi wake, Wamakonde ambao baba na babu zao walifika katika wilaya hiyo tangu miaka ya 1930, walikuwa wamelima, wameoa, wamezaa na kuzikana hapo hata kizazi cha tatu na cha nne, lakini mbele ya sheria hawakuwa raia wa nchi yo yote duniani. Habari yao yafaa kusomwa na kila mkulima na kila karani, kwa maana yaonyesha jinsi watu wanavyoweza kuhesabiwa mara nyingi na bado wasiandikwe.

KILA KABILA NA SAFARI YAKE

Haifai kuanza na wageni kabla ya kuwataja wenyeji. Wadigo, ambao ndio wenye nchi ya kusini mwa Mombasa, ni mmoja katika makabila tisa ya Wamijikenda. Masimulizi ya wazee wao yasema ya kuwa mababu walitoka Shungwaya, upande wa kaskazini, wakashuka kwa kufuata pwani na kujenga makaya yao ndani ya misitu. Kaya Kinondo, iliyo karibu na Diani, hutajwa kwa heshima kubwa katika masimulizi hayo. Mwaka 2008 misitu ya makaya, Kinondo ikiwamo, iliandikwa na shirika la UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Wadigo si peke yao wenye habari za kuja. Wasegeju wa upande wa Vanga nao husimulia ya kuwa wazee wao walitoka kaskazini. Ukoo wa Mazrui wa Gazi walihamia huko baada ya Seyyid Said kuuteka Mombasa mwaka 1837. Na ni kutoka Gazi hiyo hiyo ndiko Sheikh Mbaruk bin Rashid alikopigana na Waingereza katika miaka ya 1895 na 1896, hata akashindwa na kukimbilia upande wa Wajerumani. Katika miaka ya 1950 Serikali ya kikoloni ilileta jamaa za Wakamba kutoka bara na kuwagawia mashamba katika Shimba Hills. Wakamba hao walifika nyuma ya Wamakonde wa kwanza. Lakini hakuna karani aliyewauliza kama ni watu wa Kenya, kwa kuwa mpaka waliouvuka ulikuwa mpaka wa wilaya tu.

Basi katika pwani ya kusini si jambo la ajabu mtu kuwa na babu aliyetoka mbali. Tofauti ya Wamakonde ni hii: mpaka waliouvuka ulikuwa umechorwa na mataifa ya Ulaya, na wale waliowapa kazi hawakuona haja ya kuwapa kitu kingine.

MIWA NA MAKONGE

Jina Makongeni, kwa Kiswahili, lina maana ya mahali penye makonge, yaani ile mimea itoayo katani. Maana hiyo yatosha kumkumbusha msomaji kazi iliyowaleta watu wengi pwani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Utumwa ulikomeshwa kisheria katika ukanda wa pwani ya Kenya mwaka 1907. Mwaka uliofuata, 1908, ikatungwa sheria ya hati za ardhi katika ukanda huo. Kila aliyedai shamba alitakiwa aje na dai lake kwa maandishi, athibitishe, apewe hati. Ardhi ambayo hakuna aliyethibitisha dai lake ikahesabiwa kuwa mali ya Serikali. Tajiri mwenye wakili alielewa jambo hilo. Mkulima aliyelima kwa desturi ya ukoo wake, bila karatasi, mara nyingi hakusikia habari mpaka siku alipoambiwa ya kuwa yeye ni mkaaji tu katika shamba la mwingine. Tangu hapo ndipo lilipokua tatizo la maskwota wa pwani, nalo halijakwisha.

Sehemu kubwa za ardhi zikakodishwa kwa makampuni. Kiwanda cha sukari kilijengwa Ramisi mwaka 1927, nacho ni cha pili nchini Kenya, baada ya kile cha Miwani kilichojengwa mwaka 1922 upande wa Nyanza. Kiwanda cha sukari ni mlaji mkubwa wa kazi. Miwa ikisha kukatwa haingoji. Isipofikishwa kiwandani mapema utamu wake hupungua. Kwa hiyo huhitajiwa watu wengi wa kukata, kufunga, kupakia na kupalilia, tena mwaka mzima.

Wadigo hawakuwa na hamu ya kazi hiyo. Hawakuwa wavivu, walikuwa na hesabu yao. Mwenye minazi alipata nazi, mbata na tembo. Aliye karibu na mto alilima mpunga. Aliye ufukoni alivua samaki. Mtu wa namna hiyo aliweza kupata fedha ya kodi bila kujifunga kwa mkataba katika shamba la kampuni. Makampuni yakalazimika kutafuta watu wa mbali, watu ambao nyumbani kwao mambo yalikuwa mazito kuliko kukata miwa.

WALIKOTOKA WAMAKONDE

Wamakonde wa Msumbiji ni watu wa nyanda za juu za Mueda, kusini mwa mto Ruvuma. Tangu mwaka 1891 hata mwaka 1929 nchi yao ilikuwa chini ya Kampuni ya Niassa, kampuni ya biashara iliyopewa na Ureno mamlaka ya kutawala. Kampuni hiyo ilitoza kodi na kuwatia watu katika kazi ya shuruti. Baada yake Serikali ya Ureno ilitawala yenyewe, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1930 wakulima wa kaskazini walilazimishwa kulima pamba na kuiuza kwa bei ambayo hawakuipanga wao. Mkulima aliyeacha chakula chake ili alime pamba ya lazima hakuhitaji kushawishiwa sana kuvuka mto.

Ng'ambo ya mto ilikuwako Tanganyika, na Tanganyika ilikuwa na njaa ya wafanya kazi. Mkonge, ulioletwa huko na Dr. Richard Hindorf mwaka 1893, ulikuwa umeenea Lindi, Morogoro na Tanga. Wamakonde kutoka Msumbiji, ambao Tanganyika waliitwa Wamawia, walisifiwa katika mashamba hayo kwa nguvu za kukata mkonge. Na mtu aliyekwisha kufika Tanga amekwisha kufika mlangoni pa Kwale. Hivyo ndivyo walivyoingia Kenya tangu miaka ya 1930, wengine kwa kuandikwa na wakala wa makampuni, wengine kwa kumfuata ndugu aliyetangulia. Wakakata miwa Ramisi, na wengine wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Kilifi na ya Taita na Taveta.

Wengine walikuja baadaye kwa sababu ya vita. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Ureno waliwapiga risasi watu waliokusanyika Mueda, na mwezi wa Septemba 1964 vita vya kupigania uhuru vilianza. Msumbiji haikupata uhuru wake mpaka tarehe 25 Juni 1975. Kwa miaka hiyo yote mtu aliyetaka kurudi kwao alikuwa akiitazama nchi inayowaka moto.

Walikuja na mila zao. Wanaume wengi walikuwa mafundi wa kuchonga mpingo, na hoteli zilipoongezeka Diani vinyago vya Kimakonde vilipata wanunuzi wengi. Walikuja pia na ngoma ya mapiko, ambamo mchezaji huvaa kinyago usoni. Wazee walikuwa na chale za uso, alama ambazo kwao zilikuwa fahari, lakini ugenini zilimtambulisha mtu kabla hajasema neno. Watoto wao walikua wakisema Kiswahili na Kidigo, wakasoma shule moja na watoto wa majirani. Walikuta pia jambo la kufanana na kwao: Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na Wadigo wa zamani walirithishana mali kwa mjomba kabla sheria ya Kiislamu haijaenea.

DAFTARI TATU

Hapo pafaa msomaji atulie, kwa kuwa shina la habari lipo katika madaftari. Wamakonde wa Kwale walipita mbele ya madaftari matatu, nayo hayakufanana.

La kwanza ni daftari la kazi. Kampuni iliandika jina, namba, siku alizofanya mtu na mshahara wake. Katika daftari hili Mmakonde aliandikwa tangu siku alipofika, wala hakuna aliyesahau kumwandika. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa hawakungojewa siku ya tatu.

La pili ni daftari la hesabu. Zamani Serikali ilikisia idadi ya Waafrika kwa kuhesabu nyumba zilizolipa kodi, kisha kuzidisha kwa idadi ya watu waliodhaniwa kulala katika kila nyumba. Hesabu kamili ya kwanza ya Waafrika wa Kenya ilifanywa mwaka 1948, nayo ilionyesha watu wa mataifa yote yapata milioni 5.4. Ile ya mwaka 1962 ilipata milioni 8.6, ya mwaka 1969 ikapata milioni 10.9. Sheria ya hesabu ya watu ni kwamba kila aliyelala nchini usiku ule ahesabiwe, awe raia au mgeni. Kwa hiyo kuhesabiwa si ushahidi wa uraia. Mwenye kuhesabiwa huongeza idadi ya wilaya, na wilaya huomba zahanati na shule kwa idadi hiyo; lakini yeye mwenyewe hapati karatasi ya kutia mfukoni.

La tatu ni daftari la uraia, na hilo ndilo lililofungwa. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, Katiba ilisema ya kuwa aliyezaliwa nchini, na mzazi wake mmoja pia amezaliwa nchini, akiwa chini ya himaya ya Uingereza, amekuwa raia papo hapo. Wengine wa namna fulani walipewa miaka miwili waombe kuandikwa. Mmakonde aliyezaliwa Mueda alikuwa mtu wa himaya ya Ureno, si ya Uingereza. Mlango wa kwanza haukumhusu, na wa pili ulipita bila yeye kujua. Tena mwaka 1985 Katiba ilibadilishwa, ikasemwa ya kuwa kuzaliwa Kenya hakutoshi, mpaka mzazi mmoja awe raia, na badiliko hilo likarudishwa nyuma hata mwaka 1963. Kwa hiyo mtoto alirithi kasoro ya baba yake, na mjukuu akairithi kwa mtoto, kama deni lisilopungua.

Wazee wa Kenya hawakukipenda kipande. Sheria yake ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika kukichukua, na wengi walikivaa shingoni katika kikasha cha bati, jambo waliloliona kuwa fedheha. Kwa watu wa Makongeni mambo yaligeuka. Karatasi ambayo babu za Wakenya wengine waliilaani ndiyo ambayo wao waliililia.

KIWANDA KILIPOFUNGWA

Kwa miaka mingi pengo hili halikuonekana sana. Kazi ilikuwako, mshahara ulikuwako, na daftari la kwanza lilitosha kumtambulisha mtu. Lakini mwaka 1988 kiwanda cha Ramisi kilifungwa. Miwa ikageuka vichaka, na watu wa kukata miwa hawakutakiwa tena. Ndipo ilipoonekana wazi ya kuwa mtu aliyeandikwa na kampuni tu, kampuni ikifa, hana mahali palipoandikwa jina lake.

Mwenye kitambulisho angeweza kwenda Mombasa kutafuta kazi nyingine. Asiye nacho aliogopa hata kizuizi cha polisi njiani. Hakuweza kufungua hesabu ya benki, wala kupiga kura, wala kupata leseni ya biashara. Hakuweza kununua ardhi kwa jina lake. Mwaka 2007 ilipoanza huduma ya kutuma fedha kwa simu ya M-Pesa, ambayo mtumishi wake hutaka kitambulisho, mambo yalizidi: fundi wa vinyago au mama muuza mihogo alilazimika kupokea fedha zake katika simu ya jirani. Jirani akiwa mwaminifu, vema. Asipokuwa mwaminifu, hapakuwa na pa kushtaki. Kijana aliyefaulu masomo alikwama kwa kukosa cheti. Wengine walijiandikisha kwa majina ya kabila jingine, wakapata karatasi, lakini wakapoteza jina la ukoo wao.

Jambo la shamba lilikuwa zito zaidi. Desturi ya pwani hutenga ardhi na miti: ardhi yaweza kuwa ya mmoja na minazi ikawa ya mwingine. Kwa sababu hiyo mwenye ardhi humruhusu skwota kupanda mihogo, mahindi na kunde, vitu vya msimu, lakini huchelea kumruhusu kupanda minazi na mikorosho, kwa kuwa mti wa kudumu ni mwanzo wa dai. Mnazi wa kawaida huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, na huishi umri wa mwanadamu. Mtu asiyejua kama atakuwapo mwaka ujao hupanda mhogo. Basi mkulima asiye na hati wala kitambulisho hubaki na kilimo cha mwaka hata mwaka, na watoto wake hurithi jembe bila mti. Wadigo wengi wa Msambweni na Diani wanalijua jambo hili, kwa kuwa wao nao, hali ni raia, wanakaa katika ardhi yenye hati za watu wengine.

NJIA YA KWENDA NAIROBI

Katiba mpya ya Kenya ilitangazwa tarehe 27 Agosti 2010, na mwaka uliofuata ikapitishwa Sheria ya Uraia na Uhamiaji. Sheria hiyo ilifungua mlango kwa mtu asiye na nchi aliyekaa Kenya mfululizo tangu tarehe 12 Desemba 1963, na mlango mwingine kwa wazao wake. Ilitaka mwombaji ajue Kiswahili au lugha nyingine ya wenyeji, asiwe amehukumiwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi, na awe na nia ya kukaa nchini. Ilitoa miaka mitano tangu Agosti 2011.

Wapo waliokuwa na mashaka, na mashaka yao hayakuwa ya bure. Mpaka wa Lunga Lunga hauko mbali na Msambweni, na Wamakonde wapo Tanzania na Msumbiji kwa maelfu mengi. Mtu angeweza kuuliza: Serikali itamjuaje aliyezaliwa hapa na aliyevuka juzi? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni kwamba mtu aliyekaa mahali miaka 50 huacha alama. Kuna vitabu vya shule na vya zahanati, karatasi za kazi za zamani, na zaidi ya yote kuna majirani. Wazee wa Kidigo wanajua ni nani aliyecheza nao utotoni. Kumkataa kila mtu kwa hofu ya wachache kungekuwa kama kung'oa mpunga wote kwa kuogopa magugu.

Miaka mitano ikaelekea kwisha bila kazi kufanyika. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, ambalo mwezi wa Novemba 1914 wa vita halikuwako lakini mwezi wa Novemba 2014 lilianzisha juhudi ya miaka kumi ya kuondoa ukosefu wa uraia duniani, pamoja na vyama vya kutetea haki vya Kenya, waliwasaidia Wamakonde kupeleka shauri lao. Barua zikaandikwa, tume zikakaa. Mwishowe, mwezi wa Oktoba 2016, mamia ya Wamakonde wa Kwale, wanaume kwa wanawake, walianza safari kwa miguu kwenda Nairobi, mji ulio yapata maili 300 kutoka Mombasa. Tarehe 13 Oktoba walipokewa Ikulu na Rais Uhuru Kenyatta, naye akaamuru waandikwe na kupewa vitambulisho kabla ya Desemba mwaka ule. Mwezi wa Februari 2017 vitambulisho vikagawanywa Kwale. Wamakonde wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

HESABU YA MWAKA 2019

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 47,564,296 katika Kenya nzima. Kaunti ya Kwale ilikuwa na watu 866,820, hali mwaka 2009 ilikuwa na 649,931 na mwaka 1999 watu 496,133. Katika orodha ya makabila ya mwaka 2019 Wamakonde walitokea kwa jina lao, nao walikuwa zaidi ya 3,700 katika nchi yote. Ni idadi ndogo sana. Hata uwanja wa mpira wa mji mdogo waweza kuwatosha. Lakini idadi ndogo yenye jina ni bora kuliko idadi kubwa isiyojulikana, kwa maana mwenye jina aweza kuulizwa anataka nini, na aweza kupiga kura.

Mfano wao ulifuatwa. Tarehe 12 Desemba 2020 Washona, ambao wazee wao walikuja Kenya kutoka Zimbabwe wakiwa wahubiri, walipewa uraia pamoja na watu wenye asili ya Rwanda. Mwezi wa Julai 2023 ikawa zamu ya Wapemba, wavuvi wa Kwale na Kilifi, ambao baadhi yao walihamia kutoka kisiwa cha Pemba.

Hata hivyo kitambulisho si shamba. Ramisi miwa ilipandwa tena na kampuni nyingine, na magomvi ya ardhi kati ya makampuni na wakaaji yakarudi pamoja nayo. Mtu mwenye kitambulisho sasa aweza kuingia katika ofisi ya ardhi na kusikilizwa. Kama atapata hati ni shauri jingine, na katika shauri hilo Mmakonde na Mdigo wamesimama katika mstari mmoja.

JAMBO LA KUZINGATIA

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Habari ya Makongeni yaonyesha ya kuwa watu nao ni vivyo hivyo. Mzazi ana miezi sita ya kuandikisha mtoto aliyezaliwa. Akipitisha muda huo, cheti bado chaweza kupatikana, lakini kwa taabu zaidi, ushahidi zaidi na safari nyingi zaidi za kwenda ofisini. Mkulima aliyezaliwa nyumbani, na ambaye watoto wake wamezaliwa nyumbani, asingoje mpaka shule iulize. Na amwendee naibu wa chifu wangali hai wazee wanaoijua siku ya kuzaliwa kwake. Karatasi ya zamani ya kazi, ya kodi au ya zahanati isitupwe. Mtu hajui ni kizazi gani kitakachoihitaji.

Makarani nao wana sehemu yao, labda kubwa kuliko ya wote. Jina lililoandikwa vibaya kwa haraka ya saa sita mchana laweza kumsumbua mtu miaka 40. Fomu iliyowekwa kando kwa sababu mwombaji ana chale usoni, au jina lisilozoeleka, yaweza kufunga mlango wa ukoo mzima. Karani huona karatasi moja kati ya mia moja alizoandika siku ile. Aliye upande wa pili wa meza huiona karatasi yake peke yake, naye ametembea tangu alfajiri kuifuata.

Watu wa Makongeni walipewa jembe siku ya kwanza, wakalima. Ilichukua yapata miaka 80 kuwapa na kalamu ya kutia sahihi. Wilaya nyingine za Afrika Mashariki zina vijiji vya namna hiyo mpaka leo, katika mashamba ya chai, ya kahawa na ya mkonge, ambako watu walioletwa na kazi wamebaki baada ya kazi kwisha. Vema vikaandikwa mapema, wazee wao wangali hai kutoa ushahidi.